Upanga wa Mia, Kisu cha Nane

Ofisini kwetu kuna kijana anayebofya mausi harakaharaka, na kila akianza mimi husikia harufu ya petroli. Si kosa lake. Ni jenereta la banda la intaneti la Mzee Idi pale Nyamongo, lililokuwa likinguruma nyuma ya ukuta wa mabati wakati mimi nasoma darasa la tano na watu wanamiminika kutafuta dhahabu.

Kaka yangu Marwa ndiye aliyenizoesha huko. Alikuwa anachimba kwenye duara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na jioni akishaoga tulikwenda kubanana kwenye kiti kimoja kucheza gemu la mtandaoni la kupigana na majitu. Unachagua silaha, na kila pigo linatoa namba juu ya kichwa cha adui. Hiyo ndiyo demeji, yaani kiasi cha uhai kilichomtoka.

Mimi nilitaka upanga ulioandikwa mia. Marwa akachukua kisu kilichoandikwa nane. Nililia, niamini, machozi ya kweli mbele za watu.

"Bhoke, hiyo mia ni majigambo ya upanga," akaniambia. "Jitu lina gamba. Gamba linakata themanini, inabaki ishirini, halafu usubiri mpaka uinue tena. Kisu hiki kina sumu. Sumu haipigi hodi kwenye gamba. Nane, nane, nane, kila sekunde, hata ukiwa umekimbia."

Tukalichoma jitu mara moja, tukajificha nyuma ya mwamba. Vinamba vya kijani vikaanza kutoka juu ya kichwa chake, vidogo hata aibu kuvitazama. Jitu likatembea kama halina habari. Likatembea, likatembea, likaanguka. Nilicheka mpaka Mzee Idi akasema kelele za jenereta zinamtosha.

Nyumbani Mama aliogopa duara tu. Akisikia kifusi kimefunika watu, siku hiyo hali chakula. Alimsihi Marwa kwa Kikurya na kwa Kiswahili, kwa maombi na kwa matusi, atoke shimoni. Mwishowe mnunuzi mmoja wa dhahabu akampa kazi ya juu: kuchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu, kuikamua kwenye kitambaa kwa mikono mitupu, kisha kuichoma juu ya jiko la mkaa mpaka zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mama akachinja jogoo. "Sasa mwanangu yuko juu ya ardhi," alisema, nasi tukala na kushukuru. Mnunuzi mwenyewe, wakati wa kuchoma, alisimama mbali, upande upepo unakotoka. Mimi nilidhani ni maringo ya watu wenye pesa.

Baada ya muda Marwa akaanza kukosea. Analenga jitu, kisu kinachoma mti. Mkono wake ulikuwa unacheza juu ya mausi. Tukailaumu mausi. Mzee Idi akaleta nyingine, mpya, bado ina nailoni yake, nayo tukailaumu. Watoto wakamwita babu, naye akacheka pamoja nao. Mama akasema ni uchovu, akamwongezea maziwa.

Leo yuko kijijini Machochwe kwa Mama, na nikienda likizo mimi ndiye ninayemshikia kikombe cha uji, maana akishika mwenyewe kinamwagika chote. Daktari wa hospitali kule Mugumu alituambia sumu ya zebaki iliingia kidogokidogo, miaka yote ile, kwa pua na kwa ngozi.

"Lakini si alishatoka shimoni?" Mama akauliza.

Marwa akanitazama, akasema kwa ulimi uliokwisha kuwa mzito, "Bhoke, kile kisu."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Siipendi methali hiyo, huwa inakuja ukishaliwa. Na yule mnunuzi sijamsamehe, kwa sababu alijua upepo unavuma kwenda wapi na hakumwambia mtoto wa watu asogee. Mama yangu alimvuta mwanawe kutoka kwenye upanga, akamkabidhi kwa kisu, na akachinja jogoo. Mimi hesabu yenyewe nilikuwa naijua, Marwa alinifundisha nikaielewa vizuri. Ila kwenye gemu namba zilionekana. Juu ya kichwa cha kaka yangu haikutoka hata moja.