Siku Nyanya Alipotuhesabu

Juzi asubuhi dereva wa basi la shule alisimama mbele ya geti langu hapa Noonkopir, Kitengela, akatoa kidole dirishani na kuanza kuwahesabu wanangu pamoja na wa jirani. Mmoja, wawili, watatu. Ni kazi yake, lazima ajue nani amepanda. Lakini mimi, mtu mzima mwenye watoto watatu, kabla sijajizuia nilimfokea, "Wewe, wacha kuwanyooshea watoto kidole!" Maskini, alinitazama akidhani nimerukwa na akili. Nikamwomba msamaha, basi likaenda, nami nikabaki pale na kikombe cha chai kilichopoa. Keti nikueleze, maana wazimu sina. Huo ni woga wa zamani.

Kwetu watoto hawakuhesabiwa. Nyanya yangu, mama ya mama, alikuwa Mkamba aliyehamia Kitengela na jembe lake na ukali wake, na nyumbani neno lake halikupingwa. Alisema ukimhesabu mtoto unamwonyesha mauti njia. Jirani yetu, mzee wa Kimaasai, alikubaliana naye kabisa. Jioni ng'ombe wake wakirudi alisimama mlangoni mwa boma akawatazama tu wakipita, rangi na madoa na pembe, kisha akasema yule ndama mwenye shingo nyeupe amebaki mtoni. Na kweli utamkuta huko. Nyanya alimheshimu sana kwa hilo. "Hata mimi," alijigamba, "nikitupa jicho tu najua nani hayuko." Hakudanganya. Akipakua muthokoi, mahindi yake ya kukoboa na maharagwe, alijua papo hapo aliyejificha nyuma ya tangi kukwepa kuoga.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwezi wa Desemba, shule zimefungwa. Mama mdogo alikuwa ameolewa Likoni, akatuita tukaone bahari. Baba, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha simiti, hakupata likizo mapema, kwa hiyo tukatangulia na mama na nyanya. Watoto tulikuwa wanne wa kwetu na wawili wa mjomba. Mama, kwa raha ya safari, alinunua kitambaa kimoja cha maua ya njano, akampelekea fundi, na sote tukashonewa, wasichana marinda, wavulana mashati. Tulifanana na mapazia ya sebule moja. Watu wa mtaa walitoka kututazama, na mama akafurahi mno.

Sheria ya nyanya ilikuwa moja: mkubwa amshike mdogo. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikapewa kitinda mimba wetu, msichana wa miaka minne, mtundu, asiyetulia hata akilala. "Ukimwachilia huyu," nyanya aliniambia, "usirudi kwangu." Nikamshika mpaka vidole vyake vikawa baridi.

Nisikufiche, Mombasa ilinitisha tangu tuliposhuka basi. Wenzangu walishangilia, mimi nilitaka kurudi. Kumbuka nilikotoka. Mto wetu ulikuwa mchanga mtupu karibu mwaka mzima, na maji niliyoyajua yalikuja kwa mkokoteni wa punda, ndani ya mitungi. Halafu unaletwa mahali maji hayana mwisho, nayo yanapumua. Jasho lilinitiririka, hewa ilinuka chumvi na samaki na dizeli, na meli iliyopita pale mbele ilikuwa ndefu kuliko soko letu lote. Nilimuuliza mama kama feri ya kutuvusha Likoni huzama. Akasema nyamaza.

Tulisubiri feri katikati ya watu wengi kuliko niliowahi kuona kanisani hata siku ya Krismasi. Lango likafunguliwa, na hapo hatukutembea tena, tulibebwa. Mabegani watu, miguuni watu, mteremko unatuvuta, na chini kabisa maji ya kijani yanapiga chuma. Ndipo ile meli ikapiga honi. Ee Mungu wangu! Sijui nikuelezeeje. Ilipita kifuani mwangu, ikatikisa meno. Nikaziba masikio.

Nikaziba kwa mikono yote miwili.

Nilipoishusha nilikuwa tayari ndani ya feri, na hakukuwa na mtu ubavuni mwangu. Mlango wa chuma ukainuliwa nyuma yetu, injini ikaunguruma, na ufuo ukaanza kwenda mbali. Mama alikuwa akihema. "Tuhesabu hawa watoto," akasema. Nyanya akamgeukia kwa hasira: "Watoto hawahesabiwi! Hawa ni mbuzi wa mnada?" Akatupa jicho lake lile la kujigamba. Akaona maua ya njano huku, maua ya njano kule, kichwa kimepita nyuma ya mzigo, rinda limepepea nyuma ya baiskeli. "Wote wako," akasema.

Mimi peke yangu nilijua si kweli, na nikanyamaza. Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza miaka yote hii. Niliogopa mshipi, ndiyo, na niliogopa nyanya, lakini zaidi niliogopa kwamba nikilisema litakuwa kweli, na nisipolisema labda atatokea tu nyuma ya gunia la mtu, akicheka. Nikatazama yale maji meupe yaliyochemka nyuma ya feri. Nilimwona ndani yake. Naapa nilimwona, rinda limetanda juu ya maji.

"Mama," nikasema, "mtoto ameniponyoka."

Mama alipiga unyende mmoja, watu wakapisha. Akakimbilia ukingo, wanaume wawili wakamdaka mikono. Akamwambia mfanyakazi mmoja wa feri airudishe, airudishe sasa hivi, naye, mtu wa koti la rangi ya machungwa, akasema kwa upole kwamba feri hairudi katikati, lazima ifike kwanza. "Una watoto wangapi, mama?" akauliza. "Nambie, nitoe habari ng'ambo."

Mama akafungua kinywa, akamtazama nyanya, akakifunga. Hata katika hali ile, hebu fikiria, alishindwa kumvunjia mama yake mwiko.

Basi nyanya akatupanga mstari. Akanyoosha kidole, yeye aliyetupiga kikofi tukimnyooshea mtu kidole, akamgusa kila mmoja kifuani. Mmoja. Wawili. Watatu. Wanne. Watano. Kikabaki hewani, hakina mtu wa kumgusa. "Wa sita hayuko," akasema, na sauti ile haikuwa ya nyanya niliyemjua. Hapo ndipo nilipolia. Kama nyanya aliogopa, mimi nimshike nani?

Walituruhusu tubaki humo humo feri ilipogeuka. Safari ile ya dakika chache sijaimaliza mpaka leo. Mama aliomba kwa sauti, nyanya aliomba kimya, na mimi nilimwahidi Mungu vitu vingi ambavyo sikuvitimiza.

Kule tulikotoka, mtoto alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na mwanamke auzaye viazi karai, mdomo wote ukwaju. "Ndiye mwanenu huyu?" mwanamke yule akacheka. "Hajalia hata! Kanimalizia viazi tu." Mama akaanguka magotini mavumbini. Nyanya hakumkumbatia mtoto. Alimpapasa kichwa, masikio, vidole, polepole, kisha akakaa chini kando ya ndoo, akafunika uso kwa leso yake.

Siku zote tulizokaa Likoni sikuingia baharini. Nyanya naye hakulala vizuri, aliamini kwamba kwa kutuhesabu ameyaita mauti, akawa anatutemea mate ya baraka kifuani kila asubuhi. Baba alipotufuata na kusimuliwa, aliuliza nani alikuwa amemshika mtoto. Nyanya akawahi: "Kosa ni langu. Mimi ndiye nilisema wote wako." Wala hakunitazama.

Miaka mingi baadaye, tukichambua ndengu sisi wawili, alisema bila kuinua macho, "Mkono unaobeba mtungi wa lita ishirini kutoka kwenye mkokoteni hadi hapa haujui kuponyokwa." Nikafungua kinywa nijitetee. "Chambua ndengu," akaniambia.

Nyanya tulimzika zamani. Yule mzee wa Kimaasai pia hayupo, na boma lake sasa ni magorofa ya kupangisha, hakuna ng'ombe wa kutazama wala jicho la kuwatazama. Kitinda mimba ni mama wa watu sasa, mnene, mcheshi, na ukimuuliza habari za Likoni anakumbuka viazi tu. Sijawahi kumwambia kwamba hakuniponyoka.

Malori yanayokwenda Namanga hupita hapa barabarani, na honi zao ni kelele kwelikweli. Wenzangu huziba masikio. Mimi siwezi. Honi ikilia tu, mikono yangu hushuka yenyewe, inatafuta mkono mdogo wa kushika.