Sauti Inayosomea Ndege Upepo

Wifi yangu aliniibia sauti. Anajua alivyofanya, na mama mkwe hadi leo anamsifu yeye.

Nilikuwa nikipika chai kwenye jengo la kuongozea ndege. Ukaletwa mtambo wa kuwasomea marubani hali ya hewa, ili mtu asishinde kwenye kipaza sauti. Wifi, karani wa mkuu wa kituo, akateuliwa kuurekodia. Alisoma kwa madaha, lakini tarakimu zake zilikimbizana. Rubani aliyekuwa akijaribu kusikiliza kila mara aliuliza, "Sita au saba?"

Fundi mitambo akanigeukia nikiwa na birika mkononi. "Dada Chai, hebu sema saba."

"Saba ya nini?"

"Saba tu. Kama unamhesabia mtu anayekuibia vikombe."

Nikasema. Rubani akajibu redioni, "Huyo ndiye. Mwacheni huyo huyo."

Basi kila alasiri tulijifungia chumba kidogo, blanketi dirishani kuzuia mngurumo. Sijui kusoma, hivyo fundi alitamka, nami nikafuata. Kila tarakimu niliisema mara tatu, ya kuanzia, ya katikati na ya kumalizia, kwa sababu mtambo huunganisha vipandevipande, na ya mwisho lazima ishuke kama mtu anayekaa kitini. Nikicheka, tunaanza upya.

"Leo umekula nini? Sauti imenona," fundi hunitania.

"Nimekula maneno ya wifi yangu."

Sijapata tena alasiri tamu kama zile.

Siku ya kuuzindua, mkuu aliuliza sauti ni ya nani. Mimi nilikuwa jikoni nikipanga vikombe vya wageni. Wifi akasimama, akapigiwa makofi. Fundi alikuwa ameshahamishwa.

Jioni wifi akaja nyumbani na redio ndogo ya ofisini. Ilikwaruza, lakini maneno yalisikika. Mama mkwe akafumba macho. "Mwanangu anaongea na ndege."

"Mama, huyo ni mimi," nikasema.

Wifi akacheka. "Hata jina lako huwezi kuliandika, leo unasoma hali ya hewa?"

Wote wakacheka. Mume wangu akaendelea kula.

Nimeacha kazi ile. Mtambo bado unasema, na marubani hawaulizi tena. Mama mkwe sikio moja limeshakufa. Lingine likiwa bado zima, wifi ana deni langu: akae karibu naye, amwambie ile sauti ni ya mke wa kaka yake.