Figili za marehemu babu: kila alfajiri kuna mtu anazipunguza

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mimi ni mwanafunzi wa Form Three, Pemba, upande wa Wawi. Si mtu wa kusema sana, hata darasani nikiulizwa jibu huwa naandika nampa jirani yangu asome. Mambo yangu yote yamo kwenye daftari, na haya nimeyatoa humo kama yalivyo.

Babu yetu alifariki masika yalipokuwa yanamalizika. Bibi akaingia eda, akawa hatoki nje.

Shida haikuwa eda. Shida ni kwamba Bibi aliacha kula. Vijiko viwili vya uji, basi, anageukia ukutani. Mikono ikawa kama vijiti.

Siku moja nikamsikia anasema, "Kungekuwa na figili za babu yako, ningekula wali."

Nikasema nitazipanda.

Kwa wasiojua: figili haitaki joto. Ukiipanda wakati wa jua kali inajaa majani tu, chini haina tumbo, na ukiitafuna inachoma ulimi. Babu alikuwa hazipandi ila kipupwe, asubuhi zikiwa na ubaridi. Tuta lake liko nyuma ya nyumba, karibu na mikarafuu. Linapata jua la asubuhi, mchana kivuli.

Nikalainisha udongo, nikatoa mawe, nikachanganya samadi kuukuu ya ng'ombe (mbichi usitie, inaleta majani). Mbegu nilizikuta kwenye kikopo cha babu. Nikazifukia kina cha ukucha.

Kosa langu: nilimwaga kikopo kizima. Niliogopa zisiote.

Siku ya nne zikaota zote! Zimebanana kama nywele.

Siku ya saba, baada ya sala ya alfajiri, nikaenda kumwagilia. Nusu ya miche ya mstari wa kwanza imeng'olewa.

Si kuku wala mbuzi, wakuu. Iliyong'olewa ilikuwa imelazwa juu ya jani la mgomba, mmoja mmoja, mizizi yote upande mmoja. Iliyobaki imeachana vidole viwili. Nikapima kwa vidole vyangu. Vidole viwili, mstari mzima. Ndivyo alivyokuwa akipima babu.

Na chini hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Kesho yake tena, mstari wa pili. Keshokutwa, wa tatu.

Nikashindwa kukaa nalo, nikamwambia Shangazi Mize, dada yake baba, ambaye tunaishi naye.

"Wee mtoto una wazimu?" akasema. "Mbegu za marehemu unazipanda mkewe bado yumo edani? Umemwita, na kaja! Ijumaa tunazing'oa zote, tunafukiza ubani."

Nikalia kimyakimya. Zisipong'olewa nilikuwa na matumaini Bibi atakula. Ziking'olewa, sikuwa na jingine la kumpa.

Alhamisi alfajiri nikajificha nyuma ya jiko la uani. Ukungu ulikuwa mzito, mikarafuu siioni.

Kikatokea kitu cheupe. Kimeinama, uso hauonekani, kinatembea kinyumenyume. Kila kikigusa chini nasikia kinanong'ona, "Niwie radhi. Niwie radhi."

Babu alikuwa akiuambia hivyo kila mche anaoung'oa.

 Nilitaka kusoma Ayatul Kursiy, nikaisahau yote, mimi niliyeihifadhi tangu chuo cha Kurani!

Kikageuka. Alikuwa Bibi, kajitanda shuka, fagio la chelewa mkononi. Kumbe alikuwa anafuta nyayo zake nyuma yake, watu wasijue kama ametoka edani.

Nikamshika mkono. Wa baridi kama maji ya kisima.

"Umezipanda nyingi mno mwanangu," akasema. "Zingekosa tumbo. Usinitangaze kwa Mize."

"Bibi, unawezaje kutembea na huli?"

"Babu yako kanambia niteremke tutani. Hunambia kila baada ya sala." Akatabasamu. "Leo kanambia upo nyuma ya jiko."

Wakuu, sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Ijumaa Shangazi akaja na jembe na chetezo, nyuma yake majirani wanne. Mimi ambaye siwezi kujibu swali darasani, nikasimama mbele ya tuta nikasema kwa sauti, "Ni mimi ninayezipunguza. Nilikuwa nawatania."

Nilipigwa kofi hapo hapo. "Muongo! Unamfanyia mzaha marehemu!" Jirani mmoja akasema huyu ndiye tuliyemdhani mpole. Lakini jembe halikutumika.

Wiki ya nne nikazing'oa. Nyekundu, mviringo, kubwa kuliko gololi. (Msizicheleweshe, zikipita hapo zinakuwa na uwazi ndani kama sponji.) Nikazikata, nikatia chumvi na ndimu.

Bibi alikula wali sahani nzima. Nikatoka nje nikalia tena, safari hii kwa furaha.

Sasa eda imekwisha, Bibi ana nguvu, anatoka mchana kweupe. Ameniruhusu niandike. Nilichojifunza: panda kipupwe, mbegu chache, punguza mapema ziachane vidole viwili. Na mtu akiacha kula, muulize anatamani nini kabla ya kumlazimisha.

Lakini bado kila baada ya sala namsikia ng'ambo ya ukuta anazungumza, ananyamaza kama anayesikiliza, halafu anacheka.

Shangazi ananiita muongo mpaka leo na hajui lolote. Nikimwambia, atatafuta watu wa kumnyamazisha huyo anayezungumza na Bibi. Na mimi naogopa akinyamaza, Bibi atageukia ukuta tena.

Wakuu, ingekuwa nyinyi mngesema?