Fundi Sikio na Tone la Ndimu

Mume wangu anaitwa Fundi Sikio, na jina hilo ametembea nalo kifua mbele miaka ishirini na saba. Mafundi wenzake wakitaka kujua jiwe ni graniti au marumaru, hulidondoshea ndimu; likitoa povu ni marumaru. Yeye hugonga kwa mpini wa nyundo, akafumba macho, akasikiliza, akakwambia. Ukimletea ndimu karakanani anakucheka: "Mimi fundi, si mpishi."

Wateja huwapa somo la bure. Graniti ilikuwa uji wa moto chini kabisa ya ardhi, ikapoa polepole mno, ndiyo maana punje zake zinaonekana na ugumu wake hauna mchezo. Marumaru ilianza kama mawe ya chokaa, makombe ya viumbe wa baharini yaliyolundikana, kisha ardhi ikayabana na kuyapika mpaka yakageuka. Ni jiwe zuri, lakini uchokaa haujalitoka: kitu kichachu kinalila. Kwa hiyo jikoni weka graniti.

Basi Jumanne nilikuwa karakanani nakamua ndimu ya kachumbari, nimeegemea kipande kilichobaki cha meza ya jikoni ya mkunga, mteja aliyeagiza graniti. Meza yenyewe ilikuwa ikafungwe kesho yake. Tone likaangukia jiwe, likachemka. Nikakamua jingine, povu tena. Nikalikwaruza jiwe kwa kisu, likachubuka.

"Baba," nikamwita mume wangu, "jiwe la mkunga uliligonga?"

"Niligonga."

"Likasemaje?"

Akaendelea kufuta mashine ya kukatia, na wala haikuwa chafu. "Halikusema kitu. Siku hizi hayasemi. Haya ya kijivu yenye madoa, yakishang'arishwa, nayabahatisha tu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Tangu mwaka jana amefunga meza tatu za kijivu. Halafu hasira zikanipanda, maana nimeimba mpaka koo likakauka: ziba masikio unapokata mawe. Eti akiziba hataisikia mashine ikikosea.

"Na bado ukaendelea kugonga?"

"Watu walikuwa wananiangalia," akasema.

Usiku sikulala. Asubuhi tulimwomba mkunga asubiri, nikatia ndimu mkobani, tukaanza kuzungukia zile nyumba tatu. Nyumba ya kwanza, tone lilitulia kimya. Ya pili vilevile, na mzee wangu akaanza kurudisha maneno, eti nimemtisha bure.

Ya tatu ni ya mshonaji, yule aliyemsifia mume wangu kwa mtaa mzima. Alisimama mlangoni anatabasamu, akamwambia jirani yake, "Njoo umwone akisikiliza jiwe." Mume wangu akagonga, akainama, macho kafumba, sikio karibu liguse meza. Mimi nikakamua ndimu nyuma ya birika.

"Linasemaje?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Lilikuwa linachemka. Nilitamani kumwambia limenyamaza, twende zetu nyumbani. Mshonaji na jirani yake walikuwa wanatungoja.

"Linatoa povu, baba."

Akafumbua macho. Kisha akamgeukia mshonaji. "Mama, nilikufungia marumaru. Sisikii tena. Nitakubadilishia."

Akatoa futi yake mfukoni, akaanza kupima meza upya. Nikamshikia ncha ya pili.