Pombe Yako Imeiva

Juzi nilikuwa Ihumwa, katika nyumba mpya ya mjukuu wangu, na alasiri mvua ikanyesha. Bati likapiga kelele hata tukaacha kuongea, tukabaki tunatazamana kama watu waliogombana. Mjukuu alifurahi kwa sababu nyumba haivuji. Mimi nilikumbuka paa letu la udongo la zamani katika nchi hii. Chini yake mvua ulikuwa huisikii, unainusa tu.

Hatukuzaliwa hapa, rafiki yangu. Tulitoka milima ya kusini, ng'ambo ya Ruaha, wakati wa vita ya Maji Maji, askari wa Mdachi walipochoma maghala yetu. Baba alifia vitani. Mama alimbeba mdogo wangu mgongoni, mimi akanishika mkono, tukavuka mto kule Mtera, tukaingia nchi kavu na kutembea mpaka miguu ikakataa. Ilikataa hapa hapa Ihumwa, mbele ya bibi mmoja aliyekuwa akipepeta uwele uani kwake. Alitutazama, akasema, "Mbukwenyi," ndiyo salamu ya Wagogo, kisha akaendelea kupepeta huku akiita ndani maziwa yaletwe. Hakutuuliza tumefuata nini. Nimeishi miaka mingi, na bado sijaona adabu iliyozidi ile.

Tulikula kwake ugali wa uwele na mlenda. Mlenda mwanzoni ulinishinda. Unavutika, hujui uukatie wapi, na bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kabla hajanionyesha namna ya kuuzungusha kwenye tonge. Siku hizi nisipopata mlenda naona sijala.

Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama hakungoja kupewa, aliliomba. Wanakijiji wakamwonyesha kiwanja na shamba, wakasema watamjengea. Hapo ndipo alipokataa. Kwetu, kama kwa Wagogo, huwaiti watu kazini bila pombe. Kujengewa bure ni kuombaomba, na mama hakuwa na hata punje ya mtama wa kupikia. Akajijengea peke yake nyumba ya kwetu, ya msonge, yenye paa refu la nyasi. Lilikuwa paa zuri, nami nililionea fahari.

Mbuzi nao walilipenda. Kiangazi cha Ugogo hakibakizi jani, na walipoona nyasi zimepangwa vizuri namna ile walidhani wameandaliwa. Mama akiwafukuza upande huu, wanakula upande ule. Wenyeji walicheka, kisha wakaacha kucheka, maana mvua zilikuwa zinakaribia na sisi tulikuwa tunahesabu mawingu tukiwa ndani. Mdogo wangu alikuwa na kikohozi kibaya. Kila mtu aliona kwamba mvua ya kwanza ikimkuta chini ya paa lile, hatapona.

Bibi akaja. "Mwanangu, tukujengee tembe," alisema. Alimaanisha nyumba ya Kigogo yenye paa bapa la udongo, ambalo mbuzi hupanda juu lakini hawali.

"Sina cha kuwapa watu, mama," mama akamjibu.

Bibi akanyamaza, akaenda zake. Nilimchukia kwa ule unyamavu wake, nikajua ametuchoka. Siku zilizofuata nilimkuta juu ya paa lake akianika kimea cha mtama. Akaniweka nifukuze ndege, na nilifukuza kwa hasira, nikiwaza kwamba wengine wanapika pombe huku sisi tukiliwa nyumba.

Asubuhi moja mawingu yakatanda. Mama akaanza kufunga mizigo, akasema turudi kwetu, kama ni kufa mtoto akafie kwao. Nilikuwa nalia ndipo bibi alipoingia na mtungi kichwani, na nyuma yake wanawake wengine na mitungi yao.

"Pombe yako imeiva," akasema.

"Mimi sina pombe, mama."

"Nimekwambia pombe yako imeiva. Utawakaribisha watu wako, au wanywe wamesimama?"

Kumbe ndege wale niliwafukuza kwenye kimea chetu wenyewe. Mama alisimama na kamba mkononi. Nje wanaume walikuwa wanafika na miti mabegani. Akaiweka kamba chini, akachukua kata, akatoka kuwakaribisha.

Walijenga kutwa. Ile mitungi mingine haikuwa ya pombe, ilikuwa ya maji, na wewe unayefungua bomba huwezi kujua maana yake. Maji ya kiangazi yalichimbwa kwenye mchanga wa korongo, kata kwa kata. Kila mwanamke alileta maji ya nyumbani kwake ya siku ile, wakayamwaga kwenye udongo wetu, wakaukanyaga wakiimba. Sijui walikunywa nini jioni ile.

Kazi ilipoisha mama aliwagawia pombe. Bibi akapokea kibuyu chake, akaonja pombe aliyoipika mwenyewe, akakunja uso mbele ya watu wote.

"Pombe ya huyu mwenyeji ni nyepesi," akasema. "Kwao hawajui kupika."

Mama akamtazama. "Basi rudisha kibuyu, mama. Walioizoea wapo."

Kicheko kililipuka, na mama akacheka nao, mara ya kwanza tangu tuvuke mto. Toka siku ile hakuna aliyetuita wageni. Walitutania, na anayetaniwa ana kwao. Mvua ilipokuja hatukuisikia, hata mama akatoa mkono nje kuhakikisha. Mdogo wangu alipona, akazeeka akiwa na ng'ombe wengi na maneno mengi.

Bado Mdachi anatawala, njaa ikateremsha familia moja kutoka milima ya Kondoa. Mama akaanika kimea, akapika, akawapelekea mtungi asubuhi ya kujengewa nyumba. Walikuwa Waislamu, maskini, wakamtazama kwa haya. Akarudi mbio, akapika togwa. Jioni nilimsikia akilalamika mbele ya watu kwamba togwa ya wenyeji hawa ina mabonge.

Matembe yamekwisha sasa, na bibi yule amelala ng'ambo ya korongo. Mvua ilipopungua nilimuuliza mjukuu wangu ni nani waliomjengea. Akasema fundi wa mjini, amelipwa, hana deni. Nyumba ni nzuri, sina la kusema. Ila nilitamani atokee hata jirani mmoja, aonje, akunje uso, atuambie pombe yetu ni nyepesi.