Beberu wa Nizwa na Gari la Kukodi

Gari lile la kukodi mimi sikulitaka. Nalisema mapema kwa sababu watu wa nyumbani wakiisimulia safari ya Nizwa husema kama kwamba nililipanda kwa vigelegele. Nilikuwa na haja, basi.

Haja yenyewe ilikuwa mbuzi. Binti yangu alikuwa kajifungua mtoto wa kike, yuko kwangu hapa Ibra, Omani, anakaa arubaini yake, na siku ya saba ya mtoto inaangukia Jumamosi. Mama wa mumewe, mkwe mwenzangu, mwanamke wa hapa hapa, hajavuka bahari hata kwa ndoto, alikuja kumtazama mjukuu. Akanywa kahawa yangu, akala halua yangu, kisha akaniwekea mkono gotini.

"Mbuzi wa akika tutaleta sisi," akasema. "Nyinyi watu wa Zinjibar mnajua samaki na nazi. Mbuzi hamumjui."

Wanawake wote waliokaa wakacheka. Nami nikacheka, moyo unanichemka. Nikamjibu, "Mbuzi nitaleta mimi. Na hatakuwa wa mitaani hapa, atakuwa wa jabali, kutoka Nizwa."

Nimeshasema. Ibra mbuzi wapo tele, lakini kinywa changu kilikwisha kunipeleka Nizwa, na pikapu la mume wangu liko gereji.

Wiki hiyo hiyo ndipo alipotufikia mtoto wa kaka yangu. Tulipotoka Unguja sisi tulikuja huku na baba yake alikwenda Ulaya, na huko ndiko alikozaliwa huyu. Ni mtu mzima wa miaka thelathini, kavaa suruali fupi kama anakwenda kuogelea. Shikamoo aliijua, baba yake kamfundisha, ila baada ya shikamoo Kiswahili chake kilikuwa kinakwenda kwa magongo. Na gari alikuwa nalo. Alilikodi pale uwanja wa ndege, dogo, jeusi, linanuka manukato, viti vyake vimevikwa nailoni. Ukikaa linalia chini yako kama karatasi ya peremende.

"Shangazi, mimi nataka tembea, ona miji," akaniambia.

"Vizuri," nikasema. "Ijumaa utaiona Nizwa. Tunatoka baada ya alfajiri. Soko la mbuzi, ikikaribia sala ya Ijumaa, huwa limekwisha."

Tulitoka jua limeshapanda. Kwanza alitafuta kofia, halafu akatafuta miwani. Nilidhani tukiwa njiani basi tutakwenda. Wapi! Kila mnara wa udongo uliobomoka anasimama, anashuka, anaupiga picha. Akapiga picha punda. Akapiga picha pipa la maji juu ya dari la mtu.

"Mwanangu," nikamuuliza, "huko kwenu hakuna mapipa?"

"Yapo, shangazi. Lakini hii iko nzuri."

Mtu anayeona uzuri wa pipa utamwambia nini?

Na hakusimama kwa picha tu. Alikuwa na kitambaa. Pale uwanja wa ndege walimtia hofu, karatasi imeandikwa gari lisikwaruzwe, lisiingizwe njia ya mchanga, lisipandishwe mnyama. Basi tulipotia mafuta Izki akateremka akalifuta vumbi, milango, taa, vioo, mpaka likawa linametameta kama sinia la harusi. Watu wa kituoni wakamtazama. Mmoja akaniuliza kwa Kiarabu kama huyu ndiye dereva wangu. Nikasema ndiye. Ningesemaje?

Nizwa tulifika soko limechemka. Wanaoyajua masoko yale wanajua. Watu wamejipanga duara, wauzaji wanazungusha mbuzi katikati, wanapaza sauti, na ukimtaka mbuzi unamzuia papo hapo unamkagua. Niliingia mbele. Niliwafunua midomo, nikawatazama meno, kwato, macho, masikio. Mbuzi wa akika sharti awe mzima. Asiwe chongo, asiwe kiguru, asiwe amekatika sikio wala pembe. Mzee mmoja aliponisikia Kiarabu changu akatabasamu.

"Zinjibari wewe," akasema. "Unatafuta wa kufuga au wa kupigia picha?" Maana mtoto wa kaka yangu alikuwa kapiga magoti kwenye mavi ya mbuzi, kamera usoni.

"Natafuta usiyeweza kumpata wewe," nikamjibu, na waliotuzunguka wakamzomea.

Nikampata. Beberu wa jabali, rangi ya tende, manyoya marefu, pembe mbili zimerudi nyuma sawasawa kama zimechorwa. Nilipomshika kamba niliuona uso wa mkwe mwenzangu, na niliuona umenywea.

Mtoto wa kaka yangu alipojua kuwa mbuzi anarudi na sisi, rangi ilimtoka. "Shangazi, gari si langu. Wameandika, hapana mnyama."

"Kwani mbuzi anajua kusoma? Tutamtandikia gunia."

Akakubali kwa sharti, aione ngome kwanza. Kaja mbali, hawezi kurudi bila kuiona ngome. Akataka tumtafute mtu amshike mbuzi huku nyuma. Nikamwambia, mtu wa nini? Nimefunga mbuzi maisha yangu yote. Nikamfunga mwenyewe, kwa mkono wangu huu, kwenye kitasa cha mlango wa lile gari. Nyumbani tunamfunga kwenye pikapu siku zote, wala halijapata kutokea neno. Ila pikapu letu lina vumbi la miaka saba.

Ngome sikuiona vizuri. Ngazi zake ndefu na magoti yangu hayakuwa na hamu ya historia. Yeye kapanda mpaka juu, karudi anatweta, anasimulia mashimo ambamo maadui walimwagiwa asali ya tende inayochemka. Tukatoka.

Tulisikia kishindo kabla hatujafika. Watu wamesimama wanacheka. Yule beberu alikuwa kajiona. Kwenye mlango ule uliofutwa ukang'aa kaona beberu mwenzake anamtolea macho, akarudi nyuma urefu wa kamba yake, akamwendea. Alikwisha kumwendea mara nyingi. Mlango umebonyea kama sufuria ya bati, kioo cha ubavuni kinaning'inia kwa waya, na pembe ya kulia imevunjika kwenye shina, damu inamtiririka usoni. Na bado alikuwa anajitayarisha.

"Fisadi wewe na kitambaa chako!" nikampigia kelele mtoto wa kaka yangu. "Ungeliliacha na vumbi lake, mbuzi angejiona wapi?"

Aliutazama mlango, akanitazama mimi, akamfungua mbuzi. Nilikimbilia sokoni. Duara lilikwishavunjika, adhana inaadhiniwa, wenye mbuzi wanapakia magari yao. Hapakuwa na mbuzi mwingine.

Tulirudi Ibra watatu, mimi na mbuzi kiti cha nyuma, nailoni inalia chini yetu. Nilimsema njia nzima. Nilimsema suruali yake, nilimsema picha zake, nikamsema baba yake aliyemlea. Yeye anaendesha. Hakusimama kwa mnara hata mmoja.

Kwangu tulimkuta mkwe mwenzangu barazani, anatungoja. Na uani alikwisha kufunga mbuzi wake, mweupe, mzima, wa zizini kwake. Kamleta tangu asubuhi. Hakuniamini hata nusu siku.

Akamtazama beberu wangu wa pembe moja. Akatazama mlango wa gari. "Dada yangu," akaniuliza kwa Kiarabu, polepole ili kila mtu asikie, "nani aliyemfunga mbuzi dume mbele ya kioo?"

Nilifungua mdomo. Kabla sijatoa neno, mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa hajui Kiarabu zaidi ya maneno kumi ila macho yale aliyaelewa, akajipiga kifua. "Ana," akasema. Mimi.

Mkwe mwenzangu akacheka mpaka barakoa, ile wanayojifunikia uso wanawake wa huku, ikamtoka mahali pake. "Wa Ulaya! Basi si kosa lako, dada. Huyu wa Ulaya angejulia wapi?"

Na mimi, niliyemsema mtu wa watu kutoka Nizwa mpaka Ibra, niliufunga mdomo wangu.

Akika ilifanywa kwa mbuzi wake. Wangu tulimpika pilau, na mkwe mwenzangu akala sahani mbili. Jumapili yule mtoto alilirudisha gari lile kwa wenyewe akiwa peke yake, kioo kimefungwa kwa kitambaa kile kile.

Mpaka leo mwanamke yule akija kwangu huuliza, "Mfunga mbuzi wenu hajambo huko Ulaya?" Namwambia hajambo, namtilia kahawa.