Pembe ya Kiwavi wa Matembele

Mimi ni mwoga wa wadudu, sifichi, na siku ile kule Juru, kwenye makazi yetu ya wakimbizi, uoga ulinitawala kabisa. Nilikuwa nachuma matembele, binti yangu mdogo akicheza mwisho wa tuta. Nilipogeuka, alikuwa ameshika kiwavi wa kijani, mnene kuliko kidole gumba changu, mwenye pembe kama mwiba nyuma. Kiganja cha mtoto kilijaa ute wa kijani. Nikapiga yowe. Naye akamdondosha chini, akaanza kulia.

Jirani yangu, mama mtu mzima wa Kirundi ambaye shamba lake limepakana na langu, alikuja mbio. Alipoiona ile pembe akabadilika uso. Akasema sumu yake hupanda hadi moyoni, akakimbia kwake, akarudi na wembe na jiwe jeusi, lile ambalo kwao na kwetu Kongo hubandikwa palipoumwa na nyoka ili linyonye sumu. Lakini jiwe halishiki pasipo damu. Ilibidi kwanza amchanje mwanangu kiganjani.

Jamani, kile kiganja kilikuwa kidogo. Nikimwacha achanje, mwanangu anakatwa mbele yangu. Nikimzuia, na sumu ikawa ya kweli, nimemuua mwenyewe. Nikamwomba angoje kidogo. Nikampiga picha yule mdudu, nikamtumia kaka yangu anayeuza mbegu na dawa za shamba kule Kakoba, Mbarara.

Kaka alipiga simu papo hapo. Picha haikuonekana vizuri, kwa hiyo akataka nimtazame mdudu mwenyewe. Ana manyoya au miiba mwilini? Nikachuchumaa. Hana. Ubavuni ana mistari ya mshazari? Anayo. Pembe ngapi? Moja tu, mkiani. Akasema huyo ni mtoto wa nondo mkubwa, yule anayekuja jioni kunyonya maua huku akivuma. Wa kuogopa ni wale wa manyoya. Huyu anakula majani ya viazi tu, na ute ule ni majani aliyotapika aliposhikwa.

"Shika hiyo pembe," akasema. "Ikunje."

Mtu akikaa mjini ni rahisi kusema. Jirani alikuwa ameshakamata mkono wa mtoto, wembe tayari. Nikafumba macho, nikashika. Pembe ilikuwa laini, ikalala chini ya kidole changu. Nikaikandamiza kwenye kiganja changu mwenyewe, nikangoja maumivu. Hayakuja.

Hapo hasira ikanipanda. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, sawa, lakini ndiyo aniogopeshe hivi? Nikamwambia jirani aguse na yeye. Alikataa, kisha akanyoosha kidole. Akagusa, akagusa tena. Akauweka wembe chini.

Akanieleza polepole kwamba kwao Burundi, mtoto wake wa kwanza alikutwa asubuhi na kiwavi wa pembe mkononi. Jua halikuzama akiwa hai. Siku hiyo nyumbani hapakuwa na jiwe, na tangu hapo hajawahi kukaa bila jiwe.

"Binti yangu," akaniuliza, "sasa wangu alikufa na nini?"

Nilimvuta mwanangu, nikamgusa paji la uso nione kama ana homa, nikaanza kuogopa upya.